Miaka 18 au 21? Meli za kitalii zinazompokea kijana asiye na mzazi, zikilinganishwa kwa msafiri wa Mombasa

Kijana wa miaka 19 anaweza kupanda meli ya Royal Caribbean pale Barcelona akiwa peke yake, akapewa kabini yake na asiulizwe na mtu baba yuko wapi. Kijana huyo huyo, na pasipoti ile ile na pesa zile zile, akienda kuipanda meli ya kampuni hiyo hiyo Miami, ataachwa gatini na mabegi yake. Watu wengi hapa Mombasa hujikwaa hapo. Wanachagua jina la kampuni au picha ya meli yenye mabwawa ya kuogelea, wanalipa kianzio, halafu ndipo wanauliza habari ya umri. Kwa mwenye miaka 18 hadi 20, kitu cha kuchagua mwanzo ni bandari ya kuondokea. Kampuni ije baadaye, na picha ije mwisho kabisa.

Wanaouliza huwa wa aina tatu: waliomaliza kidato cha nne na wanasubiri nafasi ya chuo, maharusi wachanga wanaotaka fungate ya baharini, na wazazi wasio na likizo wanaotaka mtoto aende na mjomba au shangazi. Kila mmoja ana jibu lake.

Kwanza tuondoe tamaa moja. Zile meli tunazoziona Kilindini msimu wa kaskazi, kama Norwegian Dawn ilipotia nanga hapa, huwa zinapita. Abiria wake wamepandia kwingine, wanashuka kwenda Tsavo na Fort Jesus, na jioni wanarudi melini. Kuna miaka hata hizo hazikuonekana sana, hasa baada ya maharamia kuishambulia MSC Melody Aprili 2009 karibu na Shelisheli, na kampuni zikawa zinaikwepa njia hii ya bahari. Siku hizi zinarudi, lakini mtu wa Mombasa anayetaka safari ya meli bado itambidi apande ndege kwanza kuifuata bandari. Ndiyo maana nasema bandari ndiyo swali: hiyo hiyo inakuamulia umri, visa na nauli ya ndege.

Hivi ndivyo umri wa chini wa kulala kabini bila mtu mzima ulivyo kwa kampuni kubwa:

| Kampuni | Ukiondokea Marekani | Ukiondokea Ulaya na kwingineko |
|---|---|---|
| Royal Caribbean na Celebrity | 21 | 18 |
| MSC | 21 | 18 |
| Carnival | 21. Aliye chini awe na jamaa au mlezi wa miaka 25 au zaidi | meli zake nyingi ni za Marekani |
| Norwegian | 21 | 21 ndiyo kanuni yake ya jumla |
| Costa | safari zake nyingi haziko huko | 18 |
| Disney | 18 | 18 |
| Virgin Voyages | 18, na watoto hawapandi kabisa | 18 |
| P&O Cruises ya Uingereza | huondokea zaidi Southampton | 18 |

Umri huhesabiwa siku ya kupanda meli. Hauhesabiwi siku ya kulipa, wala siku ya kurudi. Anayetimiza 21 siku ya tatu ya safari, kwa hesabu ya meli bado ni wa 20. Na akifika gatini akakataliwa, kwa kawaida nauli haimrudii, kwa sababu masharti aliyatia saini mwenyewe alipokata tiketi.

Tuanze na upande wa 21. Kanuni hii haitokani na sheria za bahari. Ni kampuni zenyewe zimejiwekea, zikifuata umri wa kunywa pombe wa Marekani ambao ni miaka 21, na zikiogopa makundi ya wanafunzi wanaojazana melini wakati wa likizo zao za Machi na Aprili. Mtu wa Old Town asiyeonja pombe maishani mwake anaweza kuona anaonewa, na kweli anaonewa kidogo, lakini karani wa gatini hana fomu ya kupima tabia. Anayo tarehe ya kuzaliwa tu.

Jambo linalowaponyoka wengi ni kwamba kanuni ya 21 huangalia kabini, haiangalii kundi. Tuseme marafiki wanne wanataka kwenda pamoja, mmoja ana 22 na watatu wana 19. Wakichukua kabini mbili na Royal Caribbean kutoka Florida, ile kabini isiyo na mwenye 21 ndani yake haitakubaliwa, hata kama mkubwa wao amelala mlango wa pili. Ama wajibane wanne kabini moja, ama wapate mkubwa mwingine. Mlegezo hutolewa kwa familia: wazazi wakiwa kabini moja na watoto wao kabini ya ubavuni, hilo hukubaliwa. Carnival ni ngumu zaidi, maana yule mkubwa lazima awe na miaka 25 au zaidi na awe jamaa au mlezi. Kaka wa miaka 23 hafai. Shangazi wa miaka 30 anafaa. Kwa familia zetu hili si tatizo kubwa, shangazi hawakosekani, mradi shangazi mwenyewe ana visa ya Marekani.

Na visa hiyo ndiyo inayoufanya upande wa Marekani usinivutie kwa kijana wa hapa. Ada ya maombi ni dola 185, mahojiano ni Nairobi, kwa hivyo ongeza na treni ya Madaraka Express ya kwenda na kurudi, na kijana wa miaka 19 asiye na kazi wala ndoa atapata shida kumridhisha afisa kwamba atarudi. Akiwa tayari anayo visa, labda kwa sababu anasoma huko au ana ndugu huko, basi aangalie Virgin Voyages au Disney, ambazo hata Florida humpokea mwenye 18. Disney ni ghali, na imejengwa kwa ajili ya familia zenye watoto wadogo. Kijana peke yake mle atajiona amekosea harusi. Virgin haina watoto, lakini mambo yake mengi yanazunguka baa na muziki wa usiku. Ajijue anataka nini.

Sasa upande wa 18, ambao ndio hasa wenye nafasi kwetu. Hapa ningelinganisha njia tatu.

Bahari ya Mediterania ndiyo yenye meli nyingi na bei nzuri. MSC na Costa hupakia abiria Barcelona, Marseille, Genoa na Civitavecchia, ile bandari ya Roma, na Royal Caribbean huja huko majira ya joto. Kijana wa 18 anapanda bila swali. Kinachomsumbua ni visa ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya: ada euro 90, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na ushahidi wa pesa, ambao kwa aliyetoka shule juzi utakuwa barua ya mzazi pamoja na taarifa za benki za mzazi. Tena aiangalie ramani ya safari kituo kwa kituo. Meli ikitoka Barcelona ikapita Tunisia au Uturuki kisha ikarudi Ulaya, ametoka Schengen na anaingia upya, kwa hivyo visa ya kuingia mara moja haimtoshi. Mawakala wengine wa safari hulisahau hili kabisa. Wao wanauza kabini, pasipoti ni yako.

Njia ya pili ni Singapore. Hii watu hawaifikirii, nami naona ndiyo nyepesi zaidi kwa karatasi. Royal Caribbean huondokea huko, na kwa safari za Asia umri wake ni 18. Mkenya haombi visa ya kuingia Singapore kwa matembezi mafupi; anajaza fomu ya kuwasili mtandaoni na anabeba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho huko hakina mzaha. Ubaya wake ni nauli ya ndege, ambayo inaweza kuipita bei ya meli yenyewe. Na hapa pia angalia kila bandari ya njiani. Thailand haina kanuni moja na Singapore, na meli haimpakii mtu ambaye bandari moja ya njiani itamkataa, hata akisema yeye hatashuka.

Njia ya tatu ni Afrika Kusini, iliyo karibu kuliko zote. MSC imekuwa ikiondokea Durban na Cape Town wakati wa kiangazi cha huko, kuanzia Novemba, na baadhi ya safari ni za siku tatu au nne tu, jambo linalofaa kwa mtu anayejaribu bahari kwa mara ya kwanza. Tangu Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini bila visa hadi siku 90 kwa mwaka, ila cheti cha homa ya manjano ni lazima. Ratiba za kusini hubadilika sana, kampuni huhamisha meli panapolipa zaidi, kwa hivyo hakikisha msimu huo meli ipo kabla hujamtangazia mtu.

Ukinibana nichague kwa kijana wa miaka 19 mwenye pasipoti tupu, nitasema Durban kama meli ipo, Singapore kama kuna pesa ya ndege, na Mediterania kama mzazi ana akaunti ya benki inayosomeka vizuri. Dubai nayo imewahi kuwa na meli za MSC na Costa miezi ya baridi, na ndege kutoka Mombasa zipo. Hiyo inamfaa zaidi mwenye jamaa Dubai wa kumshughulikia visa.

Chini ya miaka 18 ulinganisho ni mfupi: hakuna kampuni kubwa itakayompokea peke yake, popote. Wazazi hushangaa, kwa sababu ndege humpokea. Mashirika makubwa ya ndege yana huduma ya kumchukua mtoto wa miaka 5 hadi 11 akiwa peke yake chini ya uangalizi wa wahudumu, na yanamkabidhi kwa mtu aliyeandikwa jina upande wa pili. Tofauti iko hapo kwenye kukabidhi. Ndege inamshika mtoto kwa saa chache na kuna anayemsubiri. Meli ingebidi iwe mlezi wake wiki nzima, usiku na mchana, katikati ya bahari, na hakuna kampuni inayoutaka mzigo huo. Kwa mtoto wa miaka 16 anayetaka kuiona bahari bila wazazi wake, apelekwe kwa ndugu Unguja au Pemba na apokewe gatini. Hiyo ni safari halisi pia, na haina kianzio cha kupotea.

Akisafiri na mjomba, shangazi, ami au bibi, hapo inawezekana, na kazi yote iko kwenye karatasi. Kampuni nyingi hutaka barua ya wazazi iliyothibitishwa kisheria, inayomruhusu mtu huyo kusafiri na mtoto, kumsimamia, na kuidhinisha matibabu ya dharura. Hilo la matibabu watu huliacha, na ndilo daktari wa meli atakaloliuliza kwanza. Barua iandikwe Kiingereza, itiwe saini mbele ya wakili au kamishna wa viapo, na ibebwe ya asili, si picha ya simu. Wazazi wote wawili watie saini. Mmoja akiwa amefariki, cheti cha kifo kiende. Wakiwa wameachana, hati ya mahakama ya Kadhi au ya kawaida inayoonyesha nani ana malezi nayo iende.

Halafu kuna suala la majina, na hili ni letu zaidi kuliko la Wazungu. Kwa desturi ya Pwani mtoto huitwa kwa jina lake, la baba, kisha la babu. Kwa hivyo jina la mwisho la mtoto ni la babu yake, jina la mwisho la baba ni la baba wa babu huyo, na mama yuko na majina ya kwao kabisa. Karani wa Genoa anaiona familia ya watu watano wenye majina matatu ya mwisho na anaanza kuuliza. Dawa ni cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, chenye majina ya wazazi wote wawili, na kama msimamizi ni mjomba, ongeza cheti cha kuzaliwa cha mama ili ionekane wawili hao baba yao ni mmoja. Ni karatasi nyingi, lakini hazina uzito begini. Afrika Kusini hasa wana historia ya ukali kwa hati za watoto tangu kanuni zao za 2015, na ingawa baadaye walizilegeza, mtoto asiye na mzazi bado huulizwa.

Maharusi nao wana mlango wao. Royal Caribbean na Carnival huiondoa kanuni ya 21 kwa mume na mke waliooana kisheria, wakitoa uthibitisho. Bwana harusi wa miaka 20 na bibi harusi wa miaka 19 wanaweza basi kupanda hata Miami. Lakini uthibitisho maana yake ni cheti. Picha za kuolewa hazitoshi, wala video ya kupamba. Waliofunga nikaha wahakikishe ndoa imesajiliwa na cheti kimetoka. Sheria ya Ndoa ya 2014 inazitaka ndoa zote zisajiliwe, za Kiislamu zikiwemo, na wengi huiacha kazi hii mpaka siku ya kuhitaji pasipoti. Kama hati waliyo nayo ina maandishi ya Kiarabu peke yake, itafsiriwe Kiingereza na igongwe muhuri. Na jambo hili lisemwe wakati wa kukata tiketi, liingizwe kwenye kumbukumbu zao, lisisubiri gatini. Mimi ningewaambia waende Ulaya au Asia tu, ambako hakuna atakayewauliza cheti cha ndoa ili kuwapa chumba.

Akishapanda, mwenye miaka 18 hadi 20 anapata nini? Kwenye meli za Marekani yuko katikati ya ngazi. Klabu za vijana hufungwa akifika 18, na pombe hauziwi mpaka 21. Kwenye safari za Ulaya na Asia Royal Caribbean humuuzia mwenye 18. Kwa Muislamu hilo halibadilishi kitu. Ajue tu kwamba vifurushi vya vinywaji wanavyovisukuma kila dakika havimhusu, na chakula cha halali akiombe mapema kabla ya safari, si mezani. Anayetaka utulivu zaidi, P&O ya Uingereza ina Arcadia na Aurora, meli mbili za watu wazima tupu kuanzia 18, ingawa huko atawakuta wazee wengi. Saga, kampuni nyingine ya Uingereza, wamekwenda mbali zaidi: kwao umri wa chini ni miaka 50, na mwenzake wa safari angalau 40. Babu anaruhusiwa, mjukuu anabaki bandarini.

Pesa pia zina umri wake. Kabini huuzwa kwa hesabu ya watu wawili, na anayelala peke yake mara nyingi hulipa karibu bei ya wawili. Norwegian ndio waliotengeneza vikabini vya mtu mmoja kwenye Norwegian Epic mwaka 2010, wazo zuri sana, ila kanuni yao ya 21 inamfungia nje yule yule kijana asiye na pesa aliyevihitaji zaidi. Kwa hivyo mwenye 19 atafute mwenzake wa kugawana naye kabini. Melini pesa taslimu hazitumiki hovyo. Unafungua akaunti kwa kadi ya benki, na kwa kampuni nyingi bahashishi ya wahudumu hukatwa yenyewe, mara nyingi dola 16 hadi 20 hivi kwa mtu kwa siku. Wiki moja ni zaidi ya dola 100 ambazo hazikuwemo kwenye tangazo.

Kuna vijana watakaosoma hesabu hii na kuamua ni bora wapande meli kama wafanyakazi. Ni fikra nzuri kwa mji wenye Bandari Maritime Academy, lakini umri unawafuata huko pia. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 unakataza baharia wa chini ya miaka 16, na kazi za hatari hadi 18. Kampuni nyingi za meli za kitalii hupandisha zenyewe, baadhi hadi 21. Anayekuambia umlipe yeye ili upate kazi melini, mkimbie: mkataba huo huo unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi.

Ukishachagua, mwandikie wakala au kampuni barua pepe yenye mambo manne: tarehe ya kuzaliwa ya kila msafiri, bandari na tarehe ya kupanda, nani analala kabini gani, na uhusiano wao. Uliza wazi kama wanakubaliwa wakiwa hivyo, na usikubali kujibiwa kwa simu. Jibu likija, lichapishe, liweke pamoja na tiketi, na kianzio ndipo kilipwe.